Cheti, Leseni na Ubingwa: Istilahi za Ulezi na Uthibitisho katika Kazi ya Uuguzi

Lugha ya kumhudumia mgonjwa haina upungufu mkubwa katika Kiswahili. Muuguzi, mkunga, wodi, zamu, kidonda, bendeji, sindano, mgonjwa mahututi: maneno hayo yamekwisha kukaa katika vinywa vya watu, wala hayamshughulishi mfasiri. Shida huanza pale mfasiri anapoondoka kitandani pa mgonjwa akaingia katika ofisi ya utumishi, ambako muuguzi huulizwa ana karatasi gani, amezipata wapi, na nani aliyemlea katika kazi. Hapo maneno hupungua, na machache yaliyopo hutwishwa mizigo isiyokuwa yao. Neno cheti hubeba maana tatu au nne kwa pamoja, neno mshauri halikadhalika, na neno msimamizi hutumiwa kwa kila aliye juu ya mwingine.

Katika makala hii tunakusudia kuyachambua maneno ya mambo mawili yanayoamua maisha ya kazi ya muuguzi. La kwanza ni ulezi wa kitaaluma, yaani ule uhusiano wa muuguzi mzoefu na mwenzake mchanga, ambao kwa njia yake ujuzi usioandikwa vitabuni hupita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. La pili ni uthibitisho wa ubingwa, yaani mtihani na hati inayoshuhudia kwamba muuguzi fulani, juu ya leseni aliyo nayo, ana ujuzi wa pekee katika tawi moja la uuguzi, kama vile wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, macho, au magonjwa ya akili. Hoja yetu ni kwamba anayelea hana budi kutofautishwa na anayetoa hukumu, na karatasi inayoruhusu kazi haina budi kutofautishwa na karatasi inayoshuhudia ubora. Lugha isipozitenga jozi hizo mbili, anayeumia ni muuguzi mwenyewe, na baada yake mgonjwa.

Jambo hili lina uzito zaidi hivi leo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri sheria zilizotungwa kwa Kiingereza, mojawapo ikiwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, si kazi ya starehe ya wapenda lugha. Neno likikosewa katika gazeti, msomaji hukunja uso akaendelea na habari nyingine. Likikosewa katika sheria, mtu hupoteza kazi.

Jina lenyewe na funzo lake

Yafaa tuanze na jina la kazi yenyewe, maana lina funzo kwa mwunda istilahi. Muuguzi hutokana na kitenzi kuuguza, nacho hutokana na kuugua. Mtu akifuata kanuni za mnyambuliko peke yake atadhani kwamba kuuguza ni kumfanya mtu augue, kama vile kukimbiza ni kumfanya mtu akimbie. Lakini wasemaji wa Kiswahili hawakulichukua hivyo. Kwao kuuguza ni kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kumkesha, na kumsubiri apone. Matumizi yalikwisha kuamua maana kabla ya mtaalamu wa sarufi kuulizwa. Maneno nesi, sista na metroni yaliingia kutoka hospitali za wakati wa ukoloni, na mpaka leo husikika wodini. Lakini katika maandishi rasmi muuguzi ndilo lililoshika nafasi, kwa kuwa lilikuwa limejaa maana hata kabla ya hospitali kujengwa.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu watu hukataa neno jema kwa hoja kwamba asili yake si sawasawa na maana inayotakiwa. Kama hoja hiyo ingefuatwa, tusingekuwa na muuguzi.

Nani humlea muuguzi?

Kila aliyeingia wodini siku ya kwanza anajua kwamba kuna umbali kati ya darasa na kitanda. Mwaka 1974 mwuguzi na mtafiti wa Marekani, Marlene Kramer, alitoa kitabu kilichoupa umbali huo jina, akauita mshtuko wa kukutana na hali halisi. Alieleza jinsi wauguzi waliohitimu vizuri walivyoingia kazini na kukuta kwamba yale waliyofundishwa kuwa ni wajibu hayakupewa muda, na yale yaliyopewa muda hawakufundishwa. Wengine walijirekebisha, wengine wakaiacha kazi. Katika umbali huo ndipo mlezi huhitajiwa: mtu wa kumwonyesha mgeni namna ya kupanga zamu yenye wagonjwa wengi, namna ya kumwarifu daktari habari asiyotaka kuisikia, na namna ya kutambua kwamba mgonjwa anabadilika kabla vipimo havijasema.

Kiingereza, na lugha nyingi za Ulaya, humwita mtu huyo kwa jina la Mentor. Hilo ni jina la mtu katika utenzi wa kale wa Kigiriki unaohusishwa na Homer: Mentor alikuwa rafiki wa Odysseus, ambaye aliachiwa nyumba aitunze wakati mwenyewe alipokwenda vitani, na ambaye mungu wa kike Athena alijivika umbo lake ili ampe nasaha Telemachus, mwana wa Odysseus. Mwaka 1699 mwandishi Mfaransa Fénelon alitoa kitabu juu ya safari za Telemachus, akampa Mentor nafasi kubwa ya mwalimu na mwongozaji, na kutoka hapo jina la mtu likaanza kuwa jina la kazi. Sisi hatuna sababu ya kulichukua jina hilo. Waswahili wana majina yao ya watu wa namna hiyo, nayo yanastahili kuchunguzwa moja moja.

Kungwi na somo ndio wa kwanza kufikiriwa. Kungwi humfunda mwari, na somo, katika miji ya pwani, humfunza bibi arusi mambo ya unyumba. Wote wawili wana sifa tunayoitafuta: ni watu wazima walioyapitia wanayoyafundisha, hufundisha kwa siri na kwa vitendo, na uhusiano wao na waliowafunda hudumu baada ya mafunzo kwisha. Lakini kungwi amefungamana na unyago kiasi kwamba tukimtia wodini msomaji ataona ngoma mbele ya macho yake. Na somo tayari lina maana ya jambo linalofundishwa, tena lina maana ya mtu unayeitwa naye jina moja. Maneno hayo ni mazuri mno mahali pake. Tuyaache pale pale.

Mshauri ni neno jepesi, na ndilo ambalo wafasiri wengi hulikimbilia. Kasoro yake ni kwamba mshauri hutoa maneno tu. Mtaalamu anayekodishwa na wizara kwa miezi sita ni mshauri. Anayewasikiliza wenye matatizo ya ndoa pia huitwa mshauri. Mnasihi ni bora kidogo, lakini limekwisha kuchukuliwa na kazi ya unasihi, yenye mafunzo na miiko yake, na si vema kulirudisha nyuma. Msimamizi ana mamlaka: hupanga zamu, huandika taarifa, huita mtu ofisini. Mlezi wa kweli anaweza asiwe na mamlaka yoyote.

Limebaki neno mlezi. Kulea ni kumtunza aliye mchanga mpaka asimame peke yake, na methali yetu husema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Chama huwa na mlezi wake, na hata klabu ya shule ina mwalimu mlezi. Maana ya kumwongoza asiye mtoto mdogo imekwisha kuzoeleka. Kuna vikwazo viwili. Kwanza, mlezi pia ni yaya anayeangalia watoto, hivyo muuguzi mlezi, bila neno la ziada, huweza kueleweka kuwa ni muuguzi wa watoto. Pili, wako watakaocheka kwamba ulezi ni nafaka ya uji. Kikwazo cha pili hakina nguvu, kwani hakuna atakayechanganya uji na utumishi katika sentensi moja. Cha kwanza huondoka tukisema mlezi wa kitaaluma, na kazi yake ulezi wa kitaaluma. Yule anayelelewa twaweza kumwita mlelewa, kwa kufuata njia ile ile iliyotupa mwajiri na mwajiriwa, mtahini na mtahiniwa.

Funzo kutoka Uingereza

Msomaji aweza kuuliza: je, pana dhara gani tukitumia neno moja, tuseme msimamizi, kwa kila anayemwongoza mwingine? Jibu lipo katika yaliyotokea Uingereza.

Huko, kwa miaka mingi, muuguzi aliyemwongoza mwanafunzi wodini ndiye pia aliyetia sahihi kwamba mwanafunzi huyo ameiweza kazi. Jina lake lilikuwa moja, lile la Mentor, nalo lilibeba kazi mbili: kumlea na kumpima. Mwaka 2003 mtafiti Kathleen Duffy alitoa matokeo ya uchunguzi alioufanya Scotland juu ya jambo hilo. Alionyesha kwamba walikuwako waongozaji waliowapitisha wanafunzi ilhali wana mashaka nao. Sababu zake si ngumu kuzielewa. Mtu uliyekaa naye zamu kwa wiki nyingi, ukajua shida za nyumbani kwake, ukamtia moyo alipokosea, ni vigumu kumwandikia kwamba ameshindwa. Aliyetakiwa awe mzazi na hakimu kwa wakati mmoja aliona haya kuwa hakimu, na aliyebeba hatari ya haya hiyo alikuwa mgonjwa wa kesho.

Mwaka 2018 Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza lilibadili kanuni zake. Jina lile la zamani liliondolewa katika kanuni za kuwasimamia na kuwapima wanafunzi, na mahali pake yakawekwa majina matatu: msimamizi wa vitendo, anayemwongoza mwanafunzi kila siku, mtathmini wa vitendo, anayeamua kama mwanafunzi ameyafikia yanayotakiwa wodini, na mtathmini wa kitaaluma, anayesimama upande wa chuo. Tena ikawekwa kanuni kwamba mtathmini wa vitendo hawezi kuwa wakati huo huo msimamizi wa vitendo wa mwanafunzi yule yule.

Hayo ni mabadiliko ya utawala, lakini ni mabadiliko ya istilahi pia. Watunga kanuni waliona kwamba majukumu mawili yaliyoitwa kwa jina moja hayakuweza kutengana mpaka kila moja lilipopewa jina lake. Sisi tunaounda majina sasa tunayo nafasi ya kuyatenga tangu mwanzo. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba neno mlezi lisitumike kamwe kwa mtu anayetoa alama au anayeamua kupita na kushindwa. Huyo aitwe mtathmini akipima kazi wodini, na mtahini akitoa mtihani.

Pana mtu wa tatu ambaye hupotea kati ya hao wawili. Ni yule muuguzi anayepewa mgeni kwa majuma machache ili amwonyeshe wodi: vifaa viko wapi, dawa za hatari hufungiwa wapi, nani huitwa usiku. Kazi yake ina mwanzo na mwisho, na hupangiwa na ofisi. Mlezi wa kitaaluma, kwa upande wake, aghalabu huchaguliwa na mlelewa mwenyewe, na uhusiano wao huweza kudumu miaka. Huyu wa majuma machache tunapendekeza aitwe mwelekezi. Kwa Tanzania, mtarajali, yaani mhitimu aliye katika mwaka wa mazoezi kabla ya kusimama peke yake, anaweza kuwa na mwelekezi, msimamizi na mtathmini kwa wakati mmoja, na akiwa na bahati, mlezi pia. Barua inayowaita wote wanne wasimamizi haimsaidii kujua ampelekee nani swali lake.

Karatasi nne za muuguzi

Sasa tuingie upande wa hati. Ubishi juu ya karatasi ya muuguzi ni wa zamani. Florence Nightingale, ambaye shule yake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas mjini London mwaka 1860, alipinga mpango wa kuwasajili wauguzi kwa sheria. Aliona kwamba daftari na mtihani haviwezi kupima tabia, na kwamba muuguzi mwema hujulikana na wale waliomlea. Upande wa pili alisimama Ethel Gordon Fenwick, aliyepigania usajili kwa miaka mingi kwa hoja kwamba bila daftari la serikali mgonjwa hana njia ya kumjua aliyefunzwa na asiyefunzwa. New Zealand ilitunga sheria yake ya usajili mwaka 1901, na Januari 1902 Ellen Dougherty akawa muuguzi wa kwanza kuandikwa katika daftari hilo. Uingereza ilifuata mwaka 1919, na Fenwick ndiye aliyeandikwa wa kwanza.

Kwa kuwa usajili ulishinda, leo muuguzi hutembea na karatasi kadhaa. Tukizitazama kwa makini tunaona ni za aina nne.

Ya kwanza ni hati ya masomo. Hutolewa na chuo au mamlaka ya mitihani, nayo husema kwamba mtu alisoma na akafaulu. Haina mwisho: aliyehitimu mwaka 1985 amehitimu hadi leo. Kwa ngazi zetu huitwa cheti, stashahada, shahada, na shahada ya uzamili.

Ya pili ni usajili. Hutolewa na baraza lililoundwa kwa sheria, nao husema kwamba jina la mtu limo katika daftari. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 hutenga wanaosajiliwa na wanaoorodheshwa, kwa kufuata kiwango cha masomo. Mfasiri asizifanye kuandikwa huku kuwili kuwa neno moja, maana sheria imekusudia mawili.

Ya tatu ni leseni. Hii ni ruhusa ya kufanya kazi, nayo ina tarehe ya mwisho. Hivyo haina budi kuhuishwa. Mtu aweza kuwa amesajiliwa na asiwe na leseni hai. Anayefanya kazi bila leseni anavunja sheria.

Ya nne ni hati ya ubingwa. Hiyo haimruhusu mtu kuwa muuguzi, kwa sababu anakuwa ameruhusiwa tayari. Hushuhudia kwamba, kati ya wenye leseni, huyu amepimwa katika tawi fulani akaonekana ana ujuzi zaidi.

Hati ya nne inaonekana wazi zaidi Marekani, ambako leseni hutolewa na jimbo kwa mujibu wa sheria, na ubingwa huthibitishwa na vyombo vya wauguzi wenyewe. Wauguzi wa nusukaputi walianza kutoa mtihani wao mwaka 1945. Mwaka 1973 Chama cha Wauguzi cha Marekani kilianzisha mpango wake wa uthibitisho. Chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi nacho kina mtihani wake, na mojawapo ya njia za kukubaliwa kuufanya ni kuwa na saa 1,750 za kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo katika miaka miwili iliyotangulia. Uthibitisho wake hudumu miaka mitatu, kisha muuguzi huuhuisha. Kwa hiyo hati hii husema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu anajua, na kwamba bado anafanya kazi hiyo.

Hapa Afrika Mashariki ubingwa wa muuguzi umepita zaidi katika njia ya masomo kuliko katika mtihani wa chama. Muuguzi wa Kenya hurudi katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kusomea stashahada ya juu ya tawi lake. Wa Tanzania huweza kusoma shahada ya uzamili huko Muhimbili. Hati ya masomo ndiyo hiyo hiyo inayotumika kuwa ushahidi wa ubingwa. Twadhani hii ndiyo sababu Kiswahili hakikusumbuka kuzitenga mapema: mahali ambapo vitu viwili huja katika bahasha moja, jina moja hutosha. Lakini sasa bahasha zimekuwa mbili. Mnamo Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza, na wauguzi wa Kiafrika wako katika hospitali za nchi nyingi. Karatasi zinakwenda na kurudi, nazo zinahitaji majina.

Mtego wa mwenye cheti

Hebu tuutazame mfano mmoja. Muuguzi aliyefanya kazi Marekani anarudi nyumbani. Katika maelezo yake ya kazi kuna neno la Kiingereza linalosema kwamba amethibitishwa katika uuguzi wa wagonjwa mahututi. Mfasiri analiona neno hilo, anaona ndani yake neno la cheti, naye anaandika: muuguzi mwenye cheti cha wagonjwa mahututi.

Ofisa wa utumishi anayeisoma tafsiri hiyo Tanzania ataielewa vipi? Kwake yeye muuguzi wa ngazi ya cheti ni yule aliye chini ya stashahada na shahada. Majina ya vyeo hufuata ngazi hizo: Muuguzi, Afisa Muuguzi Msaidizi, Afisa Muuguzi, kila kimoja na madaraja yake. Majina hayo hueleza elimu na cheo. Hayaelezi tawi la ujuzi. Basi neno lililokusudiwa kumpandisha muuguzi huyu juu ya wenzake wenye leseni limemshusha chini yao. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kosa ni la neno, lakini mshahara utakaopungua ni wa mtu.

Kinyume chake pia huweza kutokea. Mtu aliyehudhuria semina ya siku tatu hupewa karatasi ya kushiriki, nayo huitwa cheti. Ikitafsiriwa kwa kufuata neno lile lile, semina ya siku tatu itavaa vazi la mtihani wa taifa, na mgonjwa mahututi atakabidhiwa kwa mtu ambaye hajapimwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba neno cheti, katika uuguzi, libaki kuwa jina la ngazi ya masomo, na kwamba karatasi ya semina iitwe hati ya ushiriki. Hati ya nne iitwe hati ya ubingwa, na kitendo cha kuitoa kiitwe uthibitisho wa ubingwa. Wako wanaopenda kusema ithibati ya muuguzi. Hatuwaungi mkono. Ithibati imekwisha kuzoeleka katika elimu kuwa ni idhini inayopewa chuo au programu, nasi tungependa libaki na kazi hiyo: chuo hupata ithibati, mtu hupata uthibitisho.

Bingwa na gwiji

Neno bingwa linahitaji ulinzi. Daktari bingwa limekwisha kueleweka kila mahali nchini Tanzania, na juu yake pameongezwa bingwa bobezi kwa aliyezama katika tawi dogo zaidi. Muuguzi bingwa linafuata njia hiyo hiyo, na lina faida kwamba mwananchi hahitaji kuelezwa. Lakini bingwa katika lugha ya kila siku ni mtu yeyote aliye hodari, na hapo ndipo mgongano hutokea.

Mwaka 1984 Patricia Benner, mwuguzi na mwalimu wa Marekani, alitoa kitabu kilichoeleza hatua tano anazopitia muuguzi tangu asiye na uzoefu mpaka yule anayeisoma hali ya mgonjwa kwa kumtazama tu. Alijenga juu ya kazi ya ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, waliochunguza namna watu wanavyojifunza stadi. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hatua za Benner hupimwa kwa uzoefu wa kitandani, wala hazina karatasi. Muuguzi wa zahanati aliyezalisha kwa miaka thelathini anaweza kuwa katika hatua ya tano bila hati yoyote ya ubingwa. Na aliyefaulu mtihani jana anaweza kuwa bado yuko katika ya tatu.

Tukiiita hatua ya tano ubingwa, tutakuwa tumechanganya tena yale tuliyoyatenga. Tunapendekeza hatua hizo ziitwe kwa utaratibu huu: mwanagenzi, chipukizi, mahiri, stadi, na gwiji. Mahiri tumeliweka katikati kwa makusudi, kwa kuwa mitaala ya shule zetu hutumia umahiri kwa maana ya kuweza kufanya kazi inayotakiwa, na si vema uuguzi uende njia yake peke yake. Bingwa abaki kuwa mwenye hati. Gwiji ni yule ambaye wenzake humwita pale bingwa naye anaposita.

Hapo pia ndipo ulezi na uthibitisho hukutana. Hati humfungulia muuguzi mlango wa kupandishwa, kuhamishwa, au kupewa wodi yenye wagonjwa wazito. Lakini anayemfikisha kwenye mtihani, na anayemfundisha la kufanya siku ya kwanza baada ya kuupita, ni mlezi. Nightingale na Fenwick walibishana kana kwamba lazima mmoja ashinde. Uzoefu wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba kazi inahitaji yote mawili, kila moja mahali pake na kwa jina lake.

Majina tunayoyapendekeza

Kwa faida ya wafasiri na maofisa, tunayakusanya hapa kwa kifupi.

Mlezi wa kitaaluma: muuguzi mzoefu anayemwongoza mwenzake katika kazi kwa muda mrefu, bila kumpa alama.

Mlelewa: anayeongozwa na mlezi wa kitaaluma, awe mgeni kazini au mwenye miaka kadhaa.

Mwelekezi: anayepangiwa kumzoesha mgeni wodi au kitengo kwa muda maalumu.

Msimamizi: mwenye mamlaka juu ya kazi ya kila siku ya mwingine.

Mtathmini: anayeamua, kwa kuiona kazi yenyewe, kama mtu amefikia kiwango.

Mtahini: anayetoa mtihani na kuusahihisha.

Hati ya masomo: cheti, stashahada, shahada au nyingine ya chuo, haina mwisho.

Usajili: kuandikwa katika daftari la baraza, utengwe na kuorodheshwa pale sheria inapovitenga.

Leseni: ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi, yenye tarehe ya mwisho.

Hati ya ubingwa: ushahidi wa kupimwa na kufaulu katika tawi moja la uuguzi, juu ya leseni.

Kuhuisha: kuipa leseni au hati ya ubingwa muda mpya baada ya kutimiza masharti.

Ithibati: idhini ya chuo au programu, isitumike kwa mtu.

Hati ya ushiriki: karatasi ya kuhudhuria semina au warsha.

Gwiji: aliyefikia upeo wa ujuzi kwa uzoefu, awe na hati ya ubingwa au asiwe nayo.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Watakaoijaribu ni wale wanaoandika barua za ajira, wanaofundisha katika vyuo vya uuguzi, na wanaotafsiri sheria na mikataba. Tunawaomba waitumie, na pale neno litakapogoma waandike kueleza limegoma wapi, katika sentensi gani, na wao wenyewe wanasema nini katika ofisi na wodi zao. Wauguzi hasa tungependa kuwasikia, kwa kuwa majina haya ni yao kabla hayajawa ya mtu mwingine yeyote.